Uzoefu wangu na tovuti ya poka: kufuli wameliweka kwenye kutoa pesa, meza wameiacha wazi

Nacheza poka mtandaoni nikiwa hapa Uingereza, meza za dau dogo, na tovuti ninayoitathmini nimekuwa mteja wake kwa miaka kadhaa. Jina silitaji kwa sababu nina sifa na nina malalamiko, na sitaki kuandikiana na wanasheria. Bonasi na urembo wa meza wengine wameshavisema. Mimi naongelea usalama tu, kwa sababu ndiyo sehemu wanayojisifia kuliko zote.

Jamaa akisikia nacheza kwenye kompyuta, swali lake ni lile lile: utajuaje hawapangi karata? Si swali la kipuuzi. Mwaka 1999 wataalamu wa programu wa Marekani waliichambua kanuni ya kuchanga karata ya ASF Software, watengenezaji wa programu za poka, ambayo kampuni yenyewe ilikuwa imeianika hadharani ili iaminike. Wakakuta uchangaji wote unaanzia kwenye saa ya kompyuta, yaani milisekunde zilizopita tangu saa sita usiku. Siku nzima ina milisekunde 86,400,000, kwa hiyo mipangilio ya karata haikuweza kuzidi hapo, na wao walipooanisha saa yao na ya seva (kompyuta kuu inayoendesha mchezo) walibaki na kama 200,000 tu ya kukisia. Kwa kutazama karata zao mbili na tatu za kwanza mezani, programu yao iliwaambia kila mchezaji kashika nini. Siku hizi, kwa leseni ya Uingereza, mfumo wa kuchanga lazima upimwe na maabara huru. Tovuti yangu cheti chake inacho, kimefichwa chini kabisa ya ukurasa. Hapo sina ugomvi nao.

Wizi mkubwa ninaoukumbuka katika mchezo huu haukuhitaji hata kugusa uchangaji. Tovuti za Absolute Poker na UltimateBet, kati ya 2007 na 2008, ziliumbuliwa kwamba kulikuwa na akaunti zinazoona karata za kila mtu. Kwa Absolute Poker siri ilivuja kwa namna ya kuchekesha: mchezaji aliyeshuku mchezo aliomba kumbukumbu ya shindano, kampuni ikamtumia kimakosa faili lenye karata za wote. Kwa UltimateBet, tume ya michezo ya kubahatisha ya Kahnawake, Kanada, ilimtaja Russ Hamilton, bingwa wa World Series of Poker wa 1994, kuwa mhusika mkuu. Dawa ya ugonjwa huu mteja hana. Anachoweza ni kuchagua mahali penye mdhibiti anayeweza kulazimisha kampuni ifungue vitabu.

Sasa programu yenyewe ya kuchezea. Hii wengi hawaifikirii. Desemba 2023 tovuti ya GGPoker ilitangaza kumfungia mchezaji aliyejiita Moneytaker69, ambaye alikuwa akishinda kwa kiwango kisichoelekea. Seva hakuingia, na karata za wenzake hakuziona. Alichokonoa programu iliyokuwa kwenye kompyuta yake mwenyewe, na kupitia kile kitufe cha kuonyesha dole gumba juu au chini akaweza kukokotoa uwezekano wake wa kushinda mkono, yaani raundi moja ya karata. Kampuni ilimnyang'anya dola 29,795. Kisa hiki ndicho kilichonifanya nianze kuwauliza tovuti yangu: programu yenu inaletewa taarifa gani kabla sijastahili kuzijua? Jibu lilikuwa aya ndefu ya shukrani kwa kuwa mteja mwaminifu.

Kompyuta yangu ni jukumu langu, nakubali. Mwaka 2013 mchezaji wa Ufini, Jens Kyllönen, alikuwa Barcelona kwenye mashindano. Laptopu yake ikatoweka chumbani hotelini, kisha ikarudi yenyewe. Alipoipeleka F-Secure, kampuni ya usalama wa kompyuta, wakakuta imepandikizwa programu ya kumwezesha mtu wa mbali kutazama kioo cha kompyuta hiyo. Mwaka 2015 ESET, kampuni nyingine ya aina hiyo, nao walieleza kuhusu Odlanor, programu hasidi iliyokuwa ikipiga picha za kioo cha kompyuta za wachezaji wa tovuti za PokerStars na Full Tilt Poker. Hakuna haja ya kuvunja usimbaji wowote (kufuli la siri la data) ikiwa unaona karata za mwenzako kama anavyoziona yeye. Kwa hiyo poka nachezea kompyuta ya zamani isiyo na kitu kingine: haina barua pepe, haina filamu za kupakua, na watoto hawaijui nywila yake. Mke wangu huiita kasino.

Malalamiko yangu makubwa mawili ndiyo haya.

La kwanza ni usiku wa shambulio. Jumapili ndiyo siku ya mashindano makubwa, na ndiyo siku wahalifu wanapenda kuifurikisha seva kwa maombi ya uongo kutoka kwenye maelfu ya kompyuta hadi ielemewe. Ni kama genge kuziba mlango wa duka siku ya mshahara. Winning Poker Network ilipatwa na balaa hilo Desemba 2014 ikalazimika kufuta shindano la dola milioni moja, na partypoker ilishambuliwa Agosti 2018. Kwa hiyo kushambuliwa si aibu. Ilipotokea kwenye tovuti yangu, nilikuwa nimebakiza watu wachache niingie kwenye zawadi. Meza ikaganda kwangu, lakini kwa wengine ikaendelea, na dau la lazima likawa linakula chipu zangu kila mzunguko. Huduma kwa wateja wakaniambia niangalie intaneti yangu! Kesho yake wakakiri kulikuwa na shambulio, wakarudisha kiingilio. Kiingilio tu, ilhali kwa chipu nilizokuwa nazo mgawo wangu ungekuwa mkubwa kuliko huo. Tovuti makini husimamisha meza zote dakika ile ile, na kanuni ya fidia huwa imeandikwa mapema, si baada ya kelele.

La pili linaniudhi zaidi kwa sababu kulirekebisha ni rahisi. Wana uthibitishaji wa hatua mbili, yaani namba ya ziada juu ya nywila, na si wa ujumbe wa simu pekee. Kuna chaguo la programu inayotoa namba hiyo, jambo jema, maana sisi wa Afrika Mashariki hadithi za kubadilishiwa laini tunazijua: mtu analala na mtandao, anaamka laini haina mawimbi na M-Pesa imefagiliwa. Lakini namba hiyo tovuti inaidai unapotoa pesa tu. Kuingia na kukaa mezani kwa kifaa kipya, nywila inatosha. Mwizi wa poka hana sababu ya kutoa pesa. Anaingia kwenye akaunti yako saa tisa usiku, anakaa meza ya watu wawili na mwenzake, anapoteza makusudi mkono baada ya mkono, na salio lako limehama bila kugusa benki. Niliwaandikia hivyo hivyo. Walinijibu kwamba kuomba namba kila mara "kutasumbua wateja".

Jambo jingine la kuangalia, kwa walio huku: masharti ya tovuti yenye leseni lazima yaseme pesa zako zinalindwa kwa kiwango gani kampuni ikifilisika. Yangu imejiweka kiwango cha kati. Ndiyo maana sihifadhi salio huko. Nikishinda natoa, na malipo yao, haki yao niwape, hayachelewi.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Uchangaji wa karata na malipo vinastahili nne, ule usiku wa Jumapili unastahili moja. Wakianza kudai namba kwa kila kifaa kipya kabla hakijakaa mezani, nitarudi hapa niibadilishe tathmini hii.