Matairi ya mtumba na rimu za chuma kwa siku ya kwanza ya drifti, Mbeya: uzoefu wangu

Drifti ni kulitelezesha tako la gari kwenye kona kwa makusudi, na huu ndio mzigo wa mwanafunzi wa siku ya kwanza: rimu mbili za chuma za inchi 15, matairi manne ya mtumba 195/65R15 (upana milimita 195, ukuta asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 15) ya kuchoma nyuma, na matairi mawili 205/55R16 yenye kashata nzuri (yale meno ya tairi) ya kufunga mbele. Juu yake kuna kazi ya kuvisha, balansi na upepo. Duka lipo Mwanjelwa. Jina naliacha, kwa sababu kuna mahali wamenikera na sitaki maneno. Gari ni Toyota Mark II GX110 yenye injini ya 1G-FE ya lita 2, dif ya kawaida (dif ndiyo inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma). Mwenye Altezza, Verossa au Crown ya miaka ile asome kama anasoma la kwake: stadi (vyuma vya uzi ambavyo nati inafungwa) ni tano kwenye duara la milimita 114.3, uzi wa 12 kwa 1.5.

Matairi nayapa nyota 4. Ufungaji nyota 2, na hiyo ya pili ni ya heshima tu.

Kuna jambo ambalo mtu wa Dar hana sababu ya kulifikiria, na ushauri mwingi unaozunguka kwenye simu hauligusi. 1G-FE ilitoka kiwandani na nguvu ya farasi 160. Mbeya mjini tupo mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (pampu ya kuisukumia injini hewa) inapoteza karibu moja ya sita ya nguvu zake. Zinabaki kama 130. Sasa mfungie mwanafunzi tairi laini la 225 nyuma kama alivyoona kwenye video za magari ya tabo: anakata usukani, anakanyaga mafuta, mzunguko wa injini unaanguka, tako linarudi kwenye mstari lenyewe. Atarudia mara kumi akidhani miguu yake ndiyo haijui, kumbe ni tairi limeng'ang'ania lami. Kwa injini hizi huku kwetu, nyuma weka jembamba, gumu, lenye upepo mwingi. Ndiyo maana nilichagua 195/65R15. Kimo chake ni milimita 635 na kile cha 205/55R16 ni 632, kwa hiyo gari halipandi tako wala kuinama, na kompyuta ya ABS (breki zinazozuia magurudumu kuganda) haioni ajabu.

Gumu lakini si zee, hapo ndipo wengi wanachanganya. Tairi zee ni gumu kweli na linateleza vizuri, ila gundi inayoshika kashata na waya za ndani nayo imekauka. Likipata moto wa kuzunguka palepale, kashata inabanduka kama gome la mti, kipande kinachapa fenda, na nyuma ya fenda kuna paipu ya breki. Angalia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mimi kwa tairi la kuchoma nakomea miaka 8. Matairi yaliyovalishwa kashata upya siyagusi kabisa, hata yakiwa nusu bei.

Duka hili limepata nyota zake kwa sababu waliniacha nichague juani, tairi moja moja, bila kununa. Ingiza kiganja ndani ya tairi upapase ukuta mzima wa pembeni. Ukikuta mikunjo ya duara, au mkono ukitoka na unga mweusi kama masizi, hilo tairi limetembezwa bila upepo. Ukuta umejisaga wenyewe kwa ndani na nje huoni kitu. Nilirudisha mawili kwa unga huo tu. Pancha iliyozibwa kwa kiraka cha ndani, katikati ya kashata, nakubali. Iliyozibwa kwa uzi nakataa, moto wa drifti unautema. Pancha ya ukutani hata usijadili.

Unene wa kashata: kwa nyuma usinunue vipara na usinunue mapya. Vipara vinaonyesha waya kabla mwanafunzi hajaizoea zamu yake. Yenye kashata ndefu yanayumba, yanapata joto haraka na kumeguka vipande. Nilichukua yaliyobaki milimita 2 hadi 3 juu ya vile vidaraja vidogo vilivyo kwenye mifereji, ambavyo vyenyewe vina milimita 1.6. Na yawe jozi: saizi moja, kampuni moja ikiwezekana. Ukiweka 195/65 kushoto na 195/60 kulia umeweka tofauti ya kimo ya sentimita 2; mwenye dif ya kubana au iliyochomelewa, inayolazimisha magurudumu yote mawili yazunguke pamoja, atasikia gari likimvuta upande mmoja kabla hata ya kona.

Nyuma nililipa elfu 25 kwa tairi, mbele elfu 70. Watu wananicheka kwa hiyo ya mbele. Mbele ndiko kunakokamata gari likishaanza kukaa ubavu. Mbele ikiteleza nayo, usukani umebaki pambo. Mtu mwenye bajeti ndogo apunguze jozi moja ya nyuma kabla hajapunguza ubora wa mbele.

Sasa rimu na nati. Hapa ndipo nyota zilipopotea.

Rimu za chuma zilikuja zinang'aa, zimepigwa rangi nyeusi upya. "Bosi, tumekuwekea kama mpya." Nzuri kwa macho, ila walipuliza kila mahali: kwenye uso unaokaa juu ya habu (kitovu cha gurudumu), na ndani ya vile vishimo vya mviringo ambamo nati inakaa. Rangi ni laini kuliko chuma. Unakaza nati leo, inabana rangi. Gari linatetema, rangi inasagika, nafasi inabaki, nati imelegea bila mtu kuigusa. Kila rimu iliyopakwa rangi upya ikwanguliwe sehemu hizo mbili kwa msasa na brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Na habu yenyewe isuguliwe kutu na tope. Vumbi jekundu la huku likichanganyika na kutu linakaa kama saruji. Kabla ya rangi kukudanganya, izungushe rimu kwenye mashine ya balansi bila tairi na usogeze ncha ya bisibisi karibu na ukingo: ukingo ukicheza zaidi ya milimita 2 hivi, hiyo imepiga shimo siku nyingi, irudi ilikotoka. Kagua pia ufa kati ya matundu ya hewa.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa kwenye kopo. Fundi alifungua nati zote ishirini akazitupa kwenye kopo moja la rangi. Rimu za alumini za kiwandani za Toyota za kizazi hiki zinatumia nati yenye shingo ndefu na washa bapa: shingo inaingia kwenye tundu, washa inakaa juu ya uso ulio sawa. Rimu ya chuma, na rimu nyingi za duka, zinataka nati yenye mdomo wa pembe, ile inayochongoka na kujikita katikati ya tundu. Kwa hiyo gari hili sasa lina aina mbili za nati: mbele za shingo, nyuma za mdomo. Ukifunga ya shingo kwenye rimu ya chuma, washa inagusa ukingo tu, rimu haijui katikati yake iko wapi. Ukifunga ya mdomo kwenye alumini ya uso sawa, inakula ukingo wa tundu kidogo kidogo mpaka nati icheze. Zote mbili kwa macho zinaonekana zimekaza! Nilikuta tatu za shingo kwenye gurudumu la nyuma kulia. Dawa yake ni makopo mawili na kipande cha chaki, na nati kumi za mdomo ununue mwenyewe kabla ya kwenda, pamoja na za akiba tano na stadi mbili.

Kila nati ianzwe kwa vidole. Ihesabu: izunguke angalau mara 8 kabla ya kukaza, ndiyo milimita 12 za uzi, sawa na unene wa stadi. Ikigoma kwenye mzunguko wa tatu, ina uchafu au imeingia kombo. Usiisaidie kwa mashine. Mafundi wengi wanapiga bunduki ya upepo tangu mwanzo, na ndiko stadi zinakovutika na kukatika siku nyingine kabisa.

Kipimo cha kukazia nati za Toyota hizi ni Nm 103 (Nm inapima nguvu ya kuzungusha). Spana ya kipimo hawakuwa nayo, nami sikuikuta kwa jirani zao watatu. Ukikosa, kuna njia ya ndoo. Nm 103 ni sawa na kilo 10.5 zinazoning'inia mita moja kutoka kwenye nati. Chukua spana ya nati 21, ichomeke bomba jembamba, pima mita moja kutoka katikati ya nati, tundika ndoo yenye lita 10 za maji, bomba likiwa limelala sawa na ardhi. Ndoo na maji vinakupa hizo kilo. Bomba lina uzito wake pia, kwa hiyo punguza maji kidogo kama ni zito. Kaza kwa kuruka nati moja hadi ya mbali nayo, kama unachora nyota, duru ya kwanza nusu, ya pili kamili. Kisha baada ya mizunguko ya kwanza ya drifti, rimu zikipoa, rudia zote. Kwenye rimu zilizokuwa na rangi, nati mbili kati ya kumi zilikubali robo nzima ya mzunguko.

Kuvisha tairi kwenyewe walifanya vizuri, kwa maji ya sabuni na kidogo tu. Nilimsimamisha mmoja aliyechukua grisi. Tairi lililovishwa kwa grisi linazunguka ndani ya rimu ukikanyaga mafuta. Ukitaka kujua, chora mstari wa chaki kutoka kwenye rimu hadi ukuta wa tairi. Ukirudi mstari umeachana, unajua. Vali za mpira zibadilishwe zote, ni vitu vya bei ndogo, na kifuniko kiwepo. Balansi nililipia ya mbele tu. Nyuma ni pesa ya bure, lakini vipande vya risasi vilivyobandikwa zamani vitolewe visije vikaruka.

Upepo. Nyuma naanzia psi 40 likiwa baridi, mbele 34. Baada ya mizunguko mitatu au minne nyuma inapanda hadi 45 au zaidi. Punguza irudi 42 hadi 44. Soma kikomo kilichoandikwa ukutani, mara nyingi ni 44 au 51, na usikipite tairi likiwa baridi. Mbele usishuke chini ya 30 ukidhani unaongeza mshiko: gari likikaa ubavu na tairi la nje likibeba uzito wote, mdomo wa tairi unachomoka kwenye rimu, na ukingo wa rimu unalima lami.

Na kama ulijaza Dar ukapanda nayo, usishangae geji. Hewa ya nje huku ni nyepesi, kwa hiyo upepo uleule unasomeka juu kwa karibu 2.7. Lakini asubuhi ya Juni au Julai, baridi ya nyuzi 12 dhidi ya 29 za mchana wa pwani inashusha kama 3. Vinakaribia kufutana, halafu jua la saa tano linaivuruga hesabu yote. Pima palepale uwanjani, kwa geji yako. Ile ya duka na yangu zilipishana 4.

Idadi: mbele mbili, nyuma nne zilitosha siku nzima ya lami kavu. Dif ya kawaida inazungusha zaidi gurudumu la ndani, kwa hiyo tairi la upande mmoja litaisha kwanza. Badilisha kushoto na kulia kila ukipumzika, utavuna muda. Mwalimu akimwagia uwanja maji, jozi moja inaweza kumaliza siku. Haya yote ni kwa eneo lililofungwa, lenye ruhusa; barabara ya Tunduma na malori yake haina nafasi kwenye maandishi haya. Na matairi ya kurudia nyumbani yawe ndani ya buti, hayajaguswa. Nimeona mtu anayetaka kushuka mteremko wa Iwambi na tairi linaloonyesha waya.

Nitarudi kununua matairi kwao, ndaga (asante) kwa uvumilivu wao juani. Rimu nitazichukua zikiwa na kutu yake, bila rangi, na nati nitafunga mwenyewe.