Bima ya nyumba na vyombo kwa mkazi wa Dodoma: moto inalipa, mchwa hailipi

Tunachopima hapa ni ule mkataba wa mwaka mmoja ambao kampuni za bima huuza kama kifurushi: jengo, vyombo vya ndani, vitu vya kubeba kama simu na kompyuta mpakato, mfanyakazi wa nyumbani akiumia kazini, na madai ya mtu aliyeumia ndani ya uzio wako. Dodoma unaupata kwa wakala, kwa dalali wa bima, au kwenye tawi la benki, maana mabenki nayo siku hizi ni mawakala. Maneno ya mikataba yanafanana sana kutoka kampuni moja hadi nyingine. Tofauti iko kwenye ada, kwenye ukomo wa malipo, na kwenye namna madai yanavyoshughulikiwa. Kwa maoni yetu ni bidhaa nzuri inayouzwa vibaya: mteja anaambiwa "utalipwa kila kitu", halafu siku ya hasara anaoneshwa ukurasa ambao hakuwahi kuufungua.

Kosa linaloumiza wengi hapa mjini ni thamani. Jengo hukatiwa bima kwa gharama ya kulijenga upya. Kiwanja hakiungui. Tangu serikali ihamie Dodoma, viwanja vimepanda bei sana, na mwenye nyumba wa mitaa kama Kisasa au Iyumbu anayeandika bei ya soko analipia ada ya ardhi ambayo hatafidiwa hata senti. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi, yaani kuandika thamani ndogo ili ada ishuke. Hapo ndipo kinapoingia kipengele cha uwiano. Chukua nyumba ambayo kuijenga upya ni shilingi milioni 80, lakini imekatiwa bima ya milioni 40. Upepo umeezua paa, hasara ni milioni 12. Kampuni italipa milioni 6, kwa hoja kwamba uliikinga nusu ya nyumba tu, na kwenye hizo 6 bado itakata kile kiasi ambacho mkataba unasema mteja hujibebea mwenyewe. Watu wengi huamini kwamba madhali hasara haijafika milioni 40, italipwa yote. Hailipwi.

Dawa yake ni kumwita mkadiriaji majenzi, au walau fundi mwaminifu anayejua hesabu, apige gharama za tofali, nondo, bati, mbao, dari, milango, nyaya, mabomba na ufundi kwa bei za leo, kisha aongeze gharama ya kusomba kifusi. Hesabu hiyo irudiwe kila mkataba unapohuishwa. Kama jengo liko kwenye mkopo, angalia pia bima ambayo benki ilikukatia inakinga nini hasa. Mara nyingi ni jengo peke yake, na malipo yanaenda benki kwanza.

Kuhusu kinachokingwa, moto, radi na mlipuko wa mtungi wa gesi havina ubishi. Upepo mkali, mafuriko na tetemeko mara nyingi viko kwenye kundi la majanga ya kuongezwa, na hapo usikubali jibu la mdomo. Kila kimoja kionekane kwa jina kwenye jedwali la mkataba. Dodoma iko jirani na bonde la ufa, na mitetemo ya ardhi si habari ngeni hapa. Mvua nazo zina tabia yake: korongo linakaa kavu tangu Mei, watu wanasahau kuwa ni korongo, wanajenga, halafu Desemba au Januari maji yanashuka kwa saa mbili na kupita sebuleni. Nyumba iliyoko kwenye mkondo wa maji, au sehemu za chini ambako maji hutuama, inaweza kukataliwa kinga ya mafuriko au kupewa kiasi kikubwa cha kujibebea. Ukificha jambo hilo kwenye fomu ya maombi, mkataba wote unaweza kubatilishwa. Sema ukweli, hata ada ikipanda.

Visivyolipwa ndivyo vinavyoleta ugomvi. Bima hulipa tukio la ghafla, hailipi kitu kilichokuwa kinajiharibu polepole. Kwa hiyo mchwa, ambao kwa Dodoma ni adui wa kila kenchi na kila fremu ya mlango, hawamo. Kutu haimo. Nyufa za ukuta kutokana na udongo wa mfinyanzi unaovimba masika na kusinyaa kiangazi hazimo kwenye mikataba mingi, na hilo ni suala la msingi wa nyumba kabla halijawa suala la bima. Umeme una mtego wake: ukikatika ukarudi kwa nguvu na kuunguza kompresa ya friji, friji hiyo hailipwi chini ya kinga ya moto ya kawaida, lakini moto ukitoka kwenye friji ukashika mapazia na dari, hayo yanalipwa. Kifaa cha kulinda friji, kile kinachochelewesha umeme kuingia mpaka utulie, ni cha bei ndogo na kinafanya kazi ambayo mkataba hauifanyi.

Wizi hulipwa ukiacha alama: kitasa kilichovunjwa, nondo zilizokatwa, dirisha lililong'olewa. Kitu kilichopotea mlango ukiwa wazi, au kilichochukuliwa na mtu anayeishi humo ndani, kwa kawaida hakilipwi. Vilevile nyumba ikikaa tupu zaidi ya siku zilizotajwa, ambazo mara nyingi ni 30, kinga ya wizi husimama. Anayefunga nyumba kwenda likizo ndefu aitaarifu kampuni kwa maandishi kabla hajasafiri.

Sasa nondo zenyewe. Kampuni inazitaka madirishani kwa ajili ya wizi, na ni haki yake, lakini nyumba yenye nondo kila dirisha na geti la chuma mlangoni ni mtego moto ukianzia sebuleni usiku. Katika kila upande wenye vyumba vya kulala, dirisha moja liwe na nondo za kufunguka kwa bawaba, komeo likiwa ndani, na ufunguo utundikwe mahali ambapo mtoto anaufikia na mkono wa mtu aliye nje haufiki. Fundi wa kuchomelea anaimaliza kazi hiyo kwa siku moja. Hakuna mkataba tuliousoma unaokataa nondo za aina hiyo, ilimradi zinafungwa.

Kizimamoto cha unga cha kilo 6 kinatosha nyumba ya kawaida. Kitundike karibu na mlango wa kutokea jikoni. Ukikiweka juu ya jiko, siku ya moto hutakifikia. Sindano ya kipimo chake cha presha ikae kwenye rangi ya kijani, na kila mwezi kigeuze juu chini mara kadhaa unga usigande. Unga wake huisha ndani ya sekunde chache tu, hivyo elekeza kwenye kitako cha moto na usiupige kwenye ndimi. Sufuria ya mafuta ikishika moto, usimwage maji: zima gesi, funika kwa mfuniko, usiiguse mpaka ipoe kabisa, maana ukiifunua mapema inawaka tena. Mpira wa gesi jaribu kwa povu la sabuni kila unapobadilisha mtungi.

Maji ya akiba Dodoma hayahitaji kuhubiriwa, mgao umeshafundisha. Hesabu lita 15 kwa mtu kwa siku: familia ya watu 6 kwa siku 3 ni lita 270, karibu madumu 14 ya lita 20. Nakala za hati ya kiwanja, vyeti, kadi za bima ya afya na risiti za vyombo vikubwa zikae kwenye mfuko usiopenya maji. Halafu piga video chumba kwa chumba, ukisoma kwa sauti namba za televisheni na kompyuta, uitume kwenye simu ya ndugu anayeishi kwingine. Video hiyo ndiyo ushahidi wa vyombo vyako risiti zikiungua.

Hasara ikitokea, piga 114 kwa zimamoto hata kama majirani wameshauzima moto kwa mchanga na ndoo. Bila taarifa ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, madai ya moto huchechemea. Kwa wizi ni polisi, 112, na barua ya mwenyekiti wa mtaa husaidia. Iarifu kampuni kwa maandishi ndani ya siku zilizotajwa kwenye mkataba. Usizoe kifusi kabla mkaguzi wa hasara hajafika. Kufunika paa kwa turubai ili mvua isiongeze uharibifu unaruhusiwa, na unatarajiwa kufanya hivyo, basi tunza risiti. Kampuni ikikuzungusha, iandikie malalamiko rasmi, kisha peleka nakala TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Ununuzi wenyewe una jambo moja la kuangalia: kisheria kinga haianzi mpaka ada ilipwe, na fedha iliyoingia kwenye namba binafsi ya wakala ni ugomvi unaosubiri siku yake. Lipa kwa kampuni, dai risiti na hati, kisha hakiki namba ya hati kwenye mfumo wa TIRA kabla hujaagana naye.

Mwenye nyumba tunamshauri anunue kifurushi kizima, akiongeza mafuriko na tetemeko. Mpangaji wa Area C au Ilazo asiuziwe kifurushi hicho, kwa sababu jengo si lake na hatalipwa likiharibika. Kinachomfaa ni vyombo vya ndani, pamoja na dhima yake kwa mwenye nyumba iwapo moto utaanzia jikoni kwake. Wote wawili waanze Oktoba, kabla mawingu hayajakusanyika.