PS VR2 kwenye banda la gemu Mabatini: mchezaji wa kawaida aingie au asubiri?

Wadau, hamjambo? Mwanza mko salama? Na ninyi mnaonitazama kutoka Ukerewe, Sengerema, Musoma na Bukoba, karibuni sana.

Leo mezani kwangu kuna miwani ya VR ya PlayStation, ile PS VR2: unaivaa usoni, na unajiona uko ndani ya gemu yenyewe. Nimeazimwa na rafiki yangu wa Capripoint, na kwa zaidi ya wiki nzima sikuiacha chumbani kwangu. Niliipeleka kwenye banda la gemu kule Mabatini, kwa mama mmoja mwenye PS5 moja na PS4 tatu, nikamwomba nafasi kila jioni. Swali lenu lilikuwa moja: mtu wa kawaida anayecheza PS, anayepiga mpira wake na mbio zake za magari, aingie kwenye VR sasa au asubiri? Nikaona siwezi kulijibu nikiwa peke yangu. Wengi wetu gemu tumejifunzia bandani.

Jumamosi, saa kumi jioni, banda limefurika. Mnajua linavyokuwa: wawili wameshika pedi, kumi wanacheza kwa mdomo. "Toa pasi! Mrudishie kipa!" Nikamvalisha miwani fundi simu mmoja wa hapo jirani, nikamwekea Gran Turismo 7, ile gemu ya mbio za magari. Baada ya dakika mbili kelele zikakatika. Fundi hatuoni, hatusikii, hedifoni ndogo zimeziba masikio, na wale kumi hawana tena wa kumwelekeza. Televisheni inaonyesha anachokiona aliyevaa, hilo wamelifikiria vizuri. Ila picha inafuata kichwa chake. Akigeuka kutazama kioo cha pembeni, banda zima linageuzwa naye. Baada ya robo saa, nusu ya watu walikuwa wamerudi kwenye PS4.

Na kuna jambo lililoniuma. Gran Turismo 7 inachezeka yote ndani ya VR, isipokuwa mbio za wawili wanaogawana skrini moja. Katika gemu nzima, kilichoachwa nje ni kile kile kinacholilisha banda.

Mpira ndiyo kabisa. EA Sports FC, hiyo tuliyoizoea kwa jina la FIFA, haina VR. eFootball haina. Ukivaa miwani ukafungua mpira, unapata skrini bapa kubwa inayoelea mbele yako gizani. Inapendeza kama mwenye televisheni anataka kutazama taarifa ya habari na wewe unataka kumaliza ligi yako. Lakini uwanjani hujaingia. Kwa hiyo kama wewe kwako PS maana yake ni mpira, jibu lako umeshalipata, na video iliyobaki tazama kwa kujifunza tu.

Sasa niwaambie fundi simu alichokiona, maana sitaki mtu aondoke akidhani naiponda hii kitu. Kilichomo ndani ni kizuri mno.

Unakaa ndani ya gari. Usukani uko mbele ya kifua chako, nguzo ya kioo iko pale pale inapotakiwa kuwa, ukiinama unaona kiti cha abiria. Kwenye televisheni, kona inakuja kwako ikiwa imechorwa, na wewe unakisia umbali. Ndani ya VR unageuza kichwa ukaitafuta. Dereva wa boda anayeshuka mlima wa Bugando haangalii tairi lake la mbele, anaangalia kona inapoishia, na mikono inafuata macho. Fundi wetu anaendesha boda asubuhi kabla hajafungua duka. Mzunguko wa kwanza aligonga ukuta mara tatu. Wa nne hakugonga hata mara moja, na hakuna aliyemfundisha kitu. Alikuwa anafunga breki kwa macho yale yale anayoyatumia barabarani. Mimi nimecheza gemu za magari tangu nikiwa shule ya msingi, na sikuwahi kuona mtu mgeni akishika gemu haraka namna hiyo.

Picha yenyewe: kila jicho lina kioo chake cha OLED, ambacho kila nukta inajiwashia mwanga wake, na nukta hizo, yaani pikseli, ni 2000 kwa 2040, na kinaweza kubadili picha hadi mara 120 kwa sekunde. Ile miwani ya kwanza ya PS4, iliyotoka Oktoba 2016, ilikuwa na 960 kwa 1080 kwa kila jicho. Piga hesabu, hii ina pikseli karibu mara nne. Halafu ndani kuna kamera zinazofuatilia mboni zako, ili gemu ikichora, ichore kwa ukali pale unapotazama na pembeni ipunguze nguvu. Mashine haichoki bure. Na giza la OLED ni giza kweli. Tulikimbiza mbio za usiku, na taa za magari yaliyotutangulia zilikaa mbali vile, kama karabai za wavuvi wa dagaa usiku usio na mwezi. Hapo nilinyamaza mwenyewe.

Tuje kwenye kichefuchefu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi watakapoachana na VR, na hawaambiwi ukweli dukani.

Mliopanda meli ya Nansio siku ziwa limechafuka mnalijua hili. Umekaa ndani, macho yanaona ukuta na kiti vimetulia, lakini sikio la ndani, lile linalotunza mizani ya mwili, linasema tunayumba. Hizo taarifa mbili zikigombana, tumbo ndilo linalolipa. VR ni ugomvi ule ule uliogeuzwa: macho yanasema tunakimbia, mwili unasema tumekaa kwenye benchi Mabatini. Ndiyo maana mazoea ya mtumbwini hayakusaidii moja kwa moja. Kuna kijana anayeshusha samaki Mwaloni Kirumba, ziwani amelala siku zisizohesabika, mawimbi hayamtishi. Nilimwekea Resident Evil Village, gemu ya kutisha ambayo unatembea kwa kusukuma kijiti cha pedi, dakika sita akaivua, amelowa jasho, akaomba maji. Siku iliyofuata nikamkalisha kwenye gari la Gran Turismo, akaenda nusu saa bila shida yoyote.

Tofauti ni nini? Kwenye gari kuna kitu kilichotulia kukuzunguka, usukani na dashibodi, na mwili unakubali kirahisi kwamba umekaa na kitu kingine ndicho kinachokwenda. Kwenye kutembea kwa kijiti, dunia nzima inateleza chini ya miguu yako na miguu haijanyanyuka. Gemu nyingi zinakupa njia ya kuruka kutoka sehemu hadi sehemu bila kuteleza. Anzia hapo. Dakika kumi, pumzika, kesho ongeza tano. Ukihisi tumbo limeanza kubadilika, vua saa hiyo hiyo, usijikaze kiume. Ukijikaza, mwili utaikumbuka ile harufu ya mpira wa miwani na kesho utaugua kabla hata hujawasha. Pia mtengenezaji amesema wazi kwamba haifai kwa watoto wa chini ya miaka 12. Bandani watoto walinililia sana, nikakataa.

Sasa gemu za kusimama. Horizon Call of the Mountain imetengenezwa kwa ajili ya miwani hii: unapanda majabali kwa mikono yako mwenyewe, unashika hapa, unajivuta, unatazama chini na goti linalegea. Kwa mtu wa Mwanza aliyekulia kwenye mawe, lile jabali linagusa mahali. Lakini ukitaka kuzunguka kwa miguu unahitaji eneo tupu la mita 2 kwa mita 2. Chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi, kina kitanda, kabati, jiko la gesi na ndoo za maji, hizo mita mbili utazitoa wapi? Unaweza kucheza umekaa, na mimi nilifanya hivyo, ila waya wa mita nne na nusu unaokuunganisha na PS5 unaendelea kukukumbusha uko wapi. Kijana mmoja alirusha mkono akagonga ukingo wa meza. Pedi ilipona, kidole kilivimba siku mbili.

Jua, tafadhali nisikilizeni kwa makini. Lenzi za miwani hii zinafanya kazi ile ile ya kioo cha kukuzia tulichokuwa tunachomea karatasi utotoni. Ukiiacha imetazama juu na jua likaingia kwenye lenzi, linakusanyika sehemu moja na kuunguza kioo cha ndani, na pikseli iliyoungua haiponi. Banda la Mabatini mlango unatazama magharibi. Saa kumi na moja jua linaingia hadi kwenye benchi la nyuma. Nilikuwa naifunika kwa khanga kila inapovuliwa, lenzi chini. Ila usikimbilie kufunga madirisha yote pia, kwa sababu kamera nne za nje ndizo zinazojua mikono yako iko wapi, na chumba kikiwa cha giza zinapotea.

Umeme mnaujua. Ukikatika, PS5 inazima, na wewe uliye ndani unabaki kwenye weusi mtupu ghafla, moyo unaenda mbio. Hapo Meta Quest, miwani ya VR ya kampuni ya Meta, ina nafuu yake. Quest 3S, iliyotoka Oktoba 2024 ikianzia dola 299.99, ina kompyuta na betri yake ndani, haina waya, inakwenda kama saa mbili na kidogo. Picha yake haifikii hii, giza lake ni kijivu, lakini kwa nyumba ambayo haina PS5 mimi ningetazama huko kwanza.

Kuhusu kushirikiana, mwenye banda aliniambia neno ambalo sikuwa nimelifikiria. Alishika miwani, akagusa ule mpira unaokaa usoni, umelowa jasho, akasema, "Mwanangu, hiki kitu kizunguke nyuso ishirini kwa siku? Umesahau ile red eyes, ugonjwa wa macho mekundu, ya mwaka 2024?" Nikamwambia, mama, umesema kweli. Nilinunua spiriti na pamba, nikawa nafuta kila baada ya mtu. Lenzi hazifutwi kwa spiriti, ni kitambaa kikavu laini tu. Kazi hiyo inakula dakika mbili kila zamu, na kwenye biashara inayolipwa kwa mechi, dakika mbili ni pesa. Halafu na joto letu la ziwa, ukivaa tu una jasho, lenzi zinashika ukungu, unasubiri tena.

Bei. Ilitoka tarehe 22 Februari 2023 kwa dola 549.99, ghali kuliko PS5 yenyewe ya wakati huo. Machi 2025 wakaishusha hadi 399.99. Ukibadili kwa shilingi ni kama milioni moja, bado usafiri na ushuru, na bado gemu. Gran Turismo 7 ukiipakua ni zaidi ya gigabaiti 100, kwa hiyo hesabu na bando. Kama tayari unayo kwenye PS5, upande wa VR ni bure, na hiyo ndiyo heshima kubwa waliyomfanyia mnunuzi. Heshima waliyomnyima ni hii: gemu za miwani ya kwanza hazifanyi kazi kwenye ya pili. Mtu aliyekusanya maktaba yake tangu 2016 aliambiwa aanze upya. Miwani ile ya kwanza iliuzwa zaidi ya milioni 5 kufikia mwisho wa 2019, wakati PS4 zilikuwa zimeshapita milioni 100. Ni kama mmoja kati ya 20. Walikuwa wachache, na hao wachache ndio waliostahili kubembelezwa. Mimi hilo bado linanikera.

Kwa hiyo nani anunue? Una PS5, unapenda magari kuliko mpira, una kiti kizuri na mlango unaofungika, na milioni hiyo haitoki kwenye ada ya mtoto: nunua, leo, bila wasiwasi. Ukiongeza na usukani wa kuchezea utanitafuta unishukuru. VR ya kukaa kwenye kiti imeiva. Unapenda gemu za kutisha na za kupanda majabali, jaribu kwa mtu kwanza, tumbo lako ndilo litakaloamua. Wewe wa mpira, subiri hadi siku watengenezaji wa mpira watakapoleta kitu. Na mwenye banda, mama yangu wa Mabatini alishaniambia uamuzi wake na nakubaliana naye: milioni moja ananunua televisheni nyingine na pedi nne.

Lakini juzi usiku, tumeshafunga, watu wameondoka, aliniomba nimvalishe. Hajawahi kushika pedi mbele ya wateja wake. Nikamwekea gari dogo na barabara isiyo na wapinzani. Aliendesha taratibu, kama kilomita arobaini kwa saa, anatazama miti huku na huku. Dakika ishirini. Sikumkatisha.

Jumatatu narudisha miwani Capripoint. Jumapili itakuwa bandani kuanzia saa moja jioni, jua likishazama, zamu ni dakika kumi kila mtu, hakuna malipo. Njoo na kitambaa chako cha kujifutia uso.