Stihl MS 381 kwenye mipaini na milingoti ya Mufindi: uzoefu wangu

Nauweka uzoefu huu kwa wanaotaka kununua chenso (msumeno wa injini) ya kazi ya kila siku, yaani kuangusha miti, kuikata vipande na kuandaa magogo ya kupeleka kwenye dingdong, yaani mashine ndogo ya kupasulia mbao. Ninayoitumia mimi ni Stihl MS 381. Injini yake ni ya cc 72.2, nguvu kilowati 3.9, sawa na farasi 5.3 hivi. Bila baa (bapa la chuma ambalo cheni inazunguka juu yake) na cheni ina uzito wa kilo sita na ushee. Kwa gogo la mpaini wa kuvunwa, baa ya inchi 20 inatosha, na injini haihemi hata baa yote ikiwa imezama ndani ya mti. Inchi 25 inafaa milingoti minene. Kwa kupogoa matawi siku nzima, tafuta msumeno mwepesi zaidi, mgongo wako utakushukuru.

Nguvu ya injini ndiyo wengi wanayoiuliza dukani, lakini kinachoamua kama msumeno utadumu ni cheni, oili na marekebisho ya kabureta.

Cheni yake ni ya saizi ya 3/8, unene wa milimita 1.6. Baa ya inchi 20 inabeba cheni yenye vijino vya chini (vile vinavyoingia kwenye mfereji wa baa) 72, ya inchi 25 inabeba 84. Vihesabu kabla hujalipa, maana cheni nyingi madukani zimekatwa kutoka kwenye roli na muuzaji anakadiria kwa macho. Cheni feki ni nyingi pia. Ya Stihl ina namba zilizogongwa: 6 kwenye kijino cha chini (ndiyo milimita 1.6) na 3 kwenye jino la kukata (ndiyo 3/8). Isiyo na namba hizo iache. Chuma chake huwa laini, inalegea kila baada ya muda mfupi na jino linapoteza makali kwenye gogo la pili.

Tupa ya kunolea ni ya duara, milimita 5.2. Ukinoa, sehemu ya tano ya unene wa tupa ibaki juu ya jino, na pembe iwe nyuzi 30 kwa kukata gogo kwa kukingama. Sukuma kwenda mbele tu, usirudishe tupa ikiwa imegusa jino. Piga idadi ileile kila jino, kushoto na kulia. Msumeno unaovuta upande mmoja mara nyingi una meno marefu upande mmoja na mafupi upande wa pili, au mfereji wa baa umeliwa upande mmoja. Vile vidomo vilivyo mbele ya meno vishushwe kwa tupa bapa kila baada ya kunoa mara tatu au nne, viwe chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65. Visiposhushwa, jino kali litateleza tu na utatoa unga badala ya chembe ndefu. Vikishushwa kupita kiasi, msumeno unaruka na kutikisa mikono, na hapo hatari ya msumeno kurushwa nyuma kukuelekea inaongezeka.

Mlingoti uliokokotwa chini na ng'ombe au trekta hubeba mchanga kwenye gamba. Kwangua gamba kwa panga pale utakapokata. Sekunde chache za kugusa udongo zinaharibu makali ambayo yangekufikisha mwisho wa tangi zima la mafuta. Mpaini una shida nyingine: utomvu unaganda na vumbi la mbao chini ya kifuniko cha klachi na kuziba tundu la oili kwenye baa. Fungua kifuniko kila jioni, safisha mfereji wa baa na lile tundu. Baa igeuzwe juu chini kila unaponoa, ili iliwe sawasawa.

Oili chafu ya kumwaga gereji kwenye tangi la cheni ni adui mkubwa. Ina chembechembe za chuma, inakwangua pampu, na haishiki kwenye cheni. Ukikosa oili maalum, tumia oili mpya ya injini, SAE 30 wakati wa baridi ya Juni na Julai maana nzito zaidi haishuki vizuri. Kuijaribu ni rahisi: elekeza ncha ya baa juu ya karatasi ya mfuko wa saruji bila kuigusa, bana triga, na mstari wa oili uonekane. Usipoonekana, usianze kazi.

Petroli ichanganywe na oili ya 2T, yaani ya injini za mipigo miwili. Kwa oili ya Stihl yenyewe ni 1 kwa 50, yaani mililita 100 kwa lita 5. Kwa oili nyingine ya 2T maelekezo ya Stihl ni 1 kwa 25, mililita 200 kwa lita 5. Pima kwa chupa yenye alama, usikadirie kwa kizibo. Tikisa dumu kabla ya kumimina, na usiweke mchanganyiko zaidi ya mwezi.

Kwenye marekebisho ya kabureta ndipo pistoni nyingi zinapofia. Mafinga, mji wa huku Mufindi, iko juu sana na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo msumeno uliorekebishwa Dar es Salaam ukifika huku unakunywa mafuta kupita kiasi, unatoa moshi na kukosa nguvu. Fundi anageuza skrubu ya H (ya kabureta, inayopima mafuta injini ikiwa kasi) kupunguza mafuta, unakata vizuri. Ukiushusha tena Pwani bila kuirudisha, mafuta yanakuwa machache mno na hewa nyingi, injini inapata joto kali na pistoni inakwama kwenye silinda. Kabla hujamwita fundi wa kabureta, safisha filta ya hewa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ikauke kabisa. Filta iliyoziba ina dalili zilezile za moshi na kukosa nguvu. Pengo la plagi ni milimita 0.5.

Wanaotaka kupasulia mbao moja kwa moja kwa chenso wafikirie mara mbili. Cheni hii inakula karibu milimita 9 kila mpasuo, kwa hiyo mipasuo mitatu inameza ubao mzima wa inchi moja. Kama huna njia nyingine, nunua cheni ya kupasulia yenye pembe ya nyuzi 10, ya kawaida inakwenda polepole na kuchosha injini.

Pamoja na msumeno, chukua cheni tatu na uzizungushe kwa zamu kwenye sproketi moja (gurudumu la meno linalosukuma cheni), zichakae pamoja. Sproketi iliyoliwa zaidi ya nusu milimita ibadilishwe, la sivyo itaharibu cheni mpya ndani ya siku chache. Ongeza plagi moja ya akiba, tupa mbili za 5.2, tupa bapa, na kofia yenye kinga ya uso na masikio. Suruali ya kinga ni ghali, lakini mguu wa kushoto ndio unaoumia zaidi kwenye kazi hii.