Ripoti ya korosho kwa mnunuzi wa nje: PDF ya WhatsApp au kiungo cha DocSend?

Kwa muuza korosho wa Mtwara mwenye mnunuzi Vietnam, PDF ya WhatsApp ni nyepesi: ikishapakuliwa, inasomeka hata bila mtandao. Lakini tiki mbili za bluu zinathibitisha ujumbe umesomwa, si kwamba ripoti imefunguliwa.

Kiungo cha DocSend, huduma ya mtandaoni ya kutuma nyaraka kwa kiungo, kinaonyesha ripoti imefunguliwa lini na msomaji amekaa muda gani kwenye kila ukurasa. Kipimo cha unyevu kikirekebishwa, unaweka toleo jipya kwenye kiungo kilekile. Biashara ikivunjika, unakifunga. Mteja akiganda kwenye ukurasa wa bei, mpigie simu siku hiyohiyo.

Mimi nachagua kiungo, ila mteja aambiwe mapema kuwa usomaji wake unaonekana. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022.