Uzoefu wangu wa kutengenezewa Olivetti Lettera 32 mjini Mbeya

Taipureta niliyorithi kwa marehemu baba ni Olivetti Lettera 32, mashine ndogo ya Kiitalia iliyoanza kutengenezwa mwaka 1963 na kubuniwa na Marcello Nizzoli. Baba aliitumia Tukuyu alipokuwa karani wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, na mimi ninaitumia hadi leo kuandika mihtasari ya vikao vya ukoo, kwa kuwa wazee wetu huiamini zaidi karatasi iliyochapwa kwa wino wa utepe. Mwaka jana ilianza kuruka nafasi. Nikichapa "Mwenyekiti" inatoka "Mwe nyekiti", na asubuhi za Juni na Julai, Mbeya inapokuwa na baridi kali, nyundo za herufi zilikuwa zikipanda hadi kwenye karatasi kisha zinabaki huko huko mpaka nizirudishe kwa kidole.

Kosa la kwanza lilikuwa langu mwenyewe. Niliona vyuma vinakwama, nikamimina mafuta ya cherehani katika kile chuma cha nusu duara chenye mifereji membamba ambamo nyundo zote zinacheza. Kwa wiki mbili mashine ilikuwa laini ajabu. Baada ya hapo mafuta yale yalishikana na vumbi yakawa kama gundi, na hali ikawa mbaya kuliko mwanzo.

Kosa la pili lilifanywa na fundi wa kwanza niliyempelekea, ambaye sitamtaja. Aliona kigari, yaani ile sehemu ya juu inayobeba karatasi, kinatembea kwa uzito, akaamua kwamba springi yake imechoka, akaikaza kwa kuizungusha mizunguko kadhaa zaidi. Nililipa shilingi 30,000. Kigari kilianza kwenda mbio, lakini kuruka nafasi kuliongezeka maradufu, na siku ya nne kamba inayounganisha springi na kigari ikakatika katikati ya sentensi.

Fundi wa pili ni mtengenezaji wa cherehani huko Mwanjelwa, na ndiye ninayeandika habari zake hapa. Kilichonivutia ni kwamba hakuchukua bisibisi kwanza. Alifunga kamba ya muda, akaketi, akachapa mstari mzima wa herufi "a" huku akitazama chini ya kigari kwa tochi ya simu, kisha akaniita: "Mzee, hebu njoo uone mwenyewe."

Ndani kuna gurudumu dogo lenye meno, na kando yake kucha mbili, moja isiyocheza na nyingine inayocheza. Springi huvuta kigari kuelekea kushoto wakati wote, na kinachokizuia kisikimbie hadi mwisho ni kucha hizo tu. Ukibonyeza herufi, kucha isiyocheza huingia kwenye jino na kulishika. Ukiachia, kucha inayocheza hudaka jino linalofuata, na kigari kinasogea hatua moja, ambayo kwa mashine yangu ya herufi 10 kwa inchi ni milimita 2.54. Ncha ya kucha ile inayocheza ilikuwa imelika na kuwa ya mviringo kama ukucha wa mtu, kwa hiyo mara nyingine jino liliteleza likapita na kudakwa la pili yake. Springi iliyokazwa kupita kiasi ndiyo iliyozidisha tatizo, kwa sababu ilikuwa ikilisukuma jino kwa nguvu dhidi ya ncha iliyokwisha kulika.

Hakujaribu kuinoa ile kucha. Alisema ukiinoa inakuwa fupi, na mashine itaruka kwa sababu nyingine. Alitafuta mashine mbovu ya aina hiyo hiyo, akatoa kucha yake, na jambo hilo peke yake lilichukua siku sita kati ya tisa alizokaa na mashine yangu. Mifereji ya nyundo aliisafisha nje ya banda kwa mswaki na petroli kidogo, akiiepusha na rangi ya bodi na vibonyezo vya plastiki, kisha akaiacha ikauke pasipo kutia tone la mafuta. Mafuta aliyaweka kwenye reli za kigari tu, tena kwa ncha ya sindano. Kamba aliibadilisha kwa mshipi wa kuvulia wa kusokotwa, ule unaotoka Kyela, na springi akailegeza hadi kigari kifike mwisho wa mstari kwa nguvu inayotosha tu.

Kwa kazi hiyo nililipa shilingi 70,000 pamoja na kucha. Nimekwisha kuchapa kurasa zaidi ya 40 na haijaruka hata mara moja, na asubuhi ya baridi nyundo zinarudi zenyewe.

Kazi ya mipira sikuiridhia vivyo hivyo. Vigurudumu vya chini vinavyoshika karatasi vilikuwa vimebonyea, naye akavivisha kipande cha mpira wa kupitishia mafuta ya pikipiki na kukisugua kwa msasa. Vinashika vizuri, lakini kimoja ni kinene kidogo kuliko mwenzake, hivyo karatasi huingia imepinda kidogo na ni lazima niinyooshe kwa mkono. Rola kubwa imekauka ikawa ngumu kama jiwe, na hilo alikiri kwamba liko nje ya uwezo wake. Alinifundisha kuweka karatasi mbili badala ya moja, ile ya nyuma ikiwa mto, na kweli mlio umepungua na alama za nukta hazitoboi tena karatasi.

Utepe nilijinunulia Dar es Salaam, wa upana wa milimita 13. Anayetaka kufanya hivyo auhamishie kwenye vibiringo vya zamani vya mashine yake, na asikate kile kipete kidogo cha chuma karibu na mwisho wa utepe, kwa kuwa ndicho kinachoigeuza mashine ianze kuuvuta upande wa pili. Herufi "a" bado inajaa wino kila baada ya kurasa chache, nami huisafisha kwa pini.