TAHADHARI: Anayeuza RV (gari la kuishi ndani) hapa Houston ni tapeli, msimpe hela

Wabongo na Wakenya wa Texas, mwenye kutafuta RV ya kuhamia moja kwa moja asome hii kwanza. Yule kaka wa misibani na harusini, anayedai anauza "kwa sababu familia inahamia Dallas", kaniibia.

Mnaniuliza nilimwaminije? Nani asingemwamini! Mtu anakupokea na shikamoo dada, mimi wa Tanga, huku ugenini tutazikana sisi kwa sisi. Akawasha jiko la gesi mlemle ndani, akachemsha chai ya tangawizi, tukanywa. AC inapuliza baridi, jenereta imewaka mara moja, injini ya Ford V10 haina hata kikohozi. "Dada, cheki kashata za tairi, mbichi kabisa!" Zulia jipya, rangi mpya, udi umefukizwa. Na muda wote huo, kikombe mkononi, kasimama palepale mbele ya mlango wa choo. Nikitaka kupita anajibana ubavu, "pita dada," lakini mguu haubanduki. Mimi najua ni adabu ya kwao!

Kumbe kakanyagia sakafu iliyooza. Mvua ya kwanza tu, maji yakashuka kwenye kona ya paa juu ya kitanda. Nikabandua zulia, nikabonyeza mbao, kidole kikazama kama kwenye mkate uliochovywa chai. Nikaenda ofisi ya kodi ya kaunti kubadilisha umiliki, wakanirudisha: taito, yaani hati ya umiliki, ina jina la mtu wa Louisiana, wala si yeye. Dola 14,500 keshi zimekwenda. Simu kanibloku.

Huyu akamatwe. Mungu atamlipa kwa wakati wake, mimi nataka polisi waanze. Na nyie viongozi wa jumuiya mnaoniambia "tuyamalize kifamilia", familia ya nani? Asipewe hata sahani ya pilau msibani mpaka arudishe hela ya watu!

Haya, mnaokwenda kununua: jina kwenye taito lifanane na kitambulisho cha anayekuuzia. Namba ya chasisi iingizeni kwenye tovuti ya NICB, shirika la Marekani la kupambana na uhalifu wa bima, ni bure. RV yangu kumbe bima ilishaifuta kama gari lililoharibika kabisa. Kashata zisikudanganye, soma tarakimu nne za mwisho za DOT, namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi. Zangu ni 2214, yaani wiki ya 22 ya mwaka 2014, pembeni zimepasukapasuka. Pandeni paani, mimi aliniambia ngazi mbovu. Ukuta wa nje ukivimba, ondoka. Na kanyageni kila mahali, hasa aliposimama yeye, mwizi mkubwa yule!

Leo kaposti nyingine, nyeupe yenye mistari ya bluu. Anayejua anapoiegesha aje inbox.